Sylvia Pankhurst: Binti wa Manchester aliyezikwa na mashujaa wa Ethiopia

Kati ya mwaka 1958 na 1961 walifariki dunia dada watatu waliolelewa katika nyumba moja nchini Uingereza. Mkubwa, Christabel, alifia California, Marekani, baada ya miaka mingi ya kuhubiri ujio wa pili wa Yesu Kristo. Wa kati, Sylvia, alifia Addis Ababa na kuzikwa kwa heshima za kitaifa mbele ya Mfalme Haile Selassie. Mdogo, Adela, alifia Sydney, Australia, baada ya kupitia siasa za kikomunisti na kuishia upande wa pili kabisa. Hakuna aliyemzika mwenzake.

Wote watatu, pamoja na mama yao, waliwahi kusimama jukwaa moja wakidai jambo moja: mwanamke naye apige kura. Walifungwa jela kwa ajili ya dai hilo. Je, ilikuwaje watu wa damu moja, waliopigania jambo moja, wakafika mwisho wa safari wakiwa mbali namna ile?

Maisha ya Sylvia ndiyo yanayotufikisha karibu zaidi na jibu, na ndiyo yanayotugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki.

Nyumba iliyojaa siasa

Estelle Sylvia Pankhurst alizaliwa Manchester tarehe 5 Mei 1882. Kumbuka tarehe hiyo, tutarudi kwake.

Baba yake, Richard Pankhurst, alikuwa mwanasheria aliyetetea haki za wanawake na wafanyakazi wakati ambapo kufanya hivyo kulimkosesha wateja. Mama yake, Emmeline, alikuwa mwanaharakati kama mumewe. Nyumbani kwao wageni walizungumza siasa usiku kucha, na watoto waliruhusiwa kukaa na kusikiliza. Mmoja wa wageni hao alikuwa Keir Hardie, mchimba makaa ya mawe aliyekuja kuwa kiongozi wa kwanza wa chama cha Labour bungeni.

Mwaka 1898 baba aliugua ghafla. Mama alikuwa safarini Uswisi pamoja na Christabel. Sylvia, msichana wa miaka 16, ndiye aliyekuwa nyumbani na wadogo zake wakati baba yao anakata roho. Maisha yake yote alibeba mafundisho ya baba yake kama wosia.

Baada ya msiba, mama alipata kazi ya kusajili vizazi na vifo katika mtaa wa watu maskini. Mbele ya meza yake walikuja wasichana wadogo kuandikisha watoto waliowazaa bila baba wa kuwajibika. Kazi hiyo ilimzidishia hasira dhidi ya sheria zilizotungwa na wanaume peke yao.

Chama cha wanawake

Mwaka 1903 Sylvia, aliyesomea uchoraji, aliombwa kupamba ukumbi mpya uliojengwa kwa kumbukumbu ya baba yake. Ukumbi ulipokamilika, familia iligundua kwamba tawi la chama lililoutumia halikuruhusu wanawake kuwa wanachama. Oktoba mwaka huohuo Emmeline aliwaita wanawake wachache sebuleni kwake, wakaanzisha chama chao wenyewe kilichojulikana kwa kifupi cha WSPU.

Christabel ndiye aliyekuwa mpanga mikakati. Alisoma sheria na kufaulu kwa daraja la kwanza mwaka 1906, lakini hakuruhusiwa kufanya kazi ya uwakili kwa sababu ni mwanamke. Sylvia alichora mabango, bendera na nembo za chama. Adela alizunguka mikoani kuhutubia mikutano.

Serikali ilipowapuuza, walianza kuvunja madirisha na baadaye kuchoma majengo yasiyo na watu. Walipofungwa, waligoma kula. Kuanzia mwaka 1909 wakuu wa magereza waliamuru walishwe kwa nguvu: mfungwa anashikwa na walinzi, mpira unaingizwa puani au mdomoni hadi tumboni, chakula cha majimaji kinamiminwa.

Mwaka 1913 ilitungwa sheria ambayo wananchi waliipa jina la Sheria ya Paka na Panya. Mfungwa aliyegoma kula aliachiwa akikaribia kufa, kisha akikamatwa tena akipata nafuu. Sylvia aliingia na kutoka jela mara nyingi chini ya sheria hiyo. Aligoma kula, akagoma kunywa maji, na mara nyingine akagoma hata kulala, akitembea huku na huko ndani ya seli mpaka miguu ikavimba.

Ufa wa kwanza

Ugomvi wa ndugu hawa ulianza na swali moja: kura ya nani?

Wakati huo takriban wanaume wanne katika kila kumi nchini Uingereza hawakuwa na haki ya kupiga kura, kwa sababu hawakuwa na nyumba au mali ya kiwango kilichotakiwa. Christabel na mama yake walidai wanawake wapewe kura kwa masharti yaleyale ya wanaume. Maana yake, mwanamke mwenye mali angepata, na mfanyakazi wa kiwandani angebaki nje. Waliona kwamba kwanza mlango ufunguliwe, wengine watafuata.

Sylvia alikataa. Alihamia mashariki mwa London, kwenye mitaa ya makuli wa bandarini na washonaji waliolipwa ujira wa kijungujiku. Huko alijenga tawi lililoongozwa na wanawake wafanyakazi wenyewe, lililowakaribisha wanaume, na lililosimama pamoja na vyama vya wafanyakazi.

Januari 1914 aliitwa Paris, alikokuwa amekimbilia Christabel ili asikamatwe. Mbele ya mama yao, dada mkubwa alimweleza mdogo wake kwamba yeye na tawi lake hawamo tena katika chama. Christabel alitaka jeshi lenye amri moja. Sylvia alitaka kila mwanachama awe na sauti.

Adela naye alikuwa amechoka, mwili na moyo, na hakukubaliana na njia za kuchoma majengo. Mama alimkatia tiketi ya meli ya kwenda Australia, ya kwenda bila kurudi, akampa pauni 20. Hawakuonana tena.

Juni mwaka huo Sylvia, akiwa dhaifu kwa njaa, alijilaza karibu na mlango wa bunge na kusema hatakula mpaka Waziri Mkuu Asquith awasikilize wanawake wa mashariki mwa London. Waziri Mkuu alikubali, na wajumbe sita, wote wanawake wafanyakazi, walimweleza maisha yao.

Vita vyagawa nyumba

Agosti 1914 ilianza Vita ya Kwanza ya Dunia, na ufa ukawa bonde.

Emmeline na Christabel walisimamisha madai ya kura na kuiunga mkono serikali ileile iliyowafunga. Waliona Ujerumani ikishinda, hakutakuwa na nchi ya kupigia kura. Walihimiza vijana kujiandikisha jeshini na wanawake kuingia kwenye viwanda vya silaha. Gazeti la chama lilibadilishwa jina likaitwa Britannia.

Sylvia aliiona vita hiyo kama ugomvi wa mataifa makubwa uliolipwa kwa damu ya maskini. Waume walipopelekwa vitani na bei za vyakula kupanda, alifungua migahawa ya chakula cha bei nafuu, kliniki ya akina mama na watoto, na kiwanda kidogo cha midoli kilichowapa wanawake ajira. Baa moja aliigeuza kuwa mahali pa kulelea watoto. Jina la zamani la baa hiyo lilitokana na mafundi wa bunduki. Jina jipya lilikuwa la akina mama.

Mwaka 1916 alipoongoza mkutano wa kupinga watu kulazimishwa kuingia jeshini, mama yake alikuwa Marekani. Emmeline alituma simu ya maandishi kumkana binti yake, na gazeti la chama likaichapisha kila mtu asome. Huko Australia, Adela naye alikuwa akizunguka nchi nzima kupinga wananchi kulazimishwa kwenda vitani. Serikali ya huko iliitisha kura ya maoni mara mbili kuhusu jambo hilo, mwaka 1916 na 1917, na mara zote mbili ikashindwa.

Kwa hiyo mpaka hapo familia ilikuwa imegawanyika kati kwa kati: mama na kifungua mimba wake upande mmoja, mabinti wawili wadogo upande wa pili.

Kila mmoja na njia yake

Mwaka 1918 bunge lilitoa kura kwa wanawake wa Uingereza waliofikisha miaka 30 na kutimiza sharti la makazi au mali. Zaidi ya wanawake milioni 8 walipata haki hiyo. Wengi wangetegemea kwamba ushindi huo ungewaleta ndugu pamoja. Haikuwa hivyo.

Christabel aligombea ubunge mwaka huohuo akashindwa kwa kura 775 tu. Baada ya hapo aliachana na siasa. Aliyoyaona vitani yalimfanya aamini kwamba wanadamu hawawezi kuiokoa dunia kwa sheria wala kwa kura, akawa mhubiri na mwandishi wa vitabu vya dini, hasa Marekani.

Emmeline, aliyewahi kuwa msoshalisti, alijiunga na chama cha Conservative, na mwaka 1927 akateuliwa kuwa mgombea wake katika jimbo la mashariki mwa London, yaani eneo lilelile ambalo binti yake alikuwa ameishi na maskini.

Adela aliolewa na kiongozi wa chama cha mabaharia, na mwaka 1920 wote wawili walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Kikomunisti cha Australia. Lakini hawakukaa sana. Miaka ilivyokwenda, Adela aligeuka kuwa mpinzani mkali wa ukomunisti na wa migomo ya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alijiunga na kikundi cha mrengo wa kulia kilichotaka Australia ielewane na Japani. Mwaka 1942, Japani ikiwa vitani na Australia, serikali ilimweka kizuizini.

Na Sylvia? Watu husema ujanani mtu ni moto, uzeeni ni majivu. Kwake moto haukuzimika, lakini kuni zilibadilika.

Mwaka 1920 alisafiri kwa siri hadi Urusi na kubishana ana kwa ana na Lenin. Lenin alitaka wakomunisti wa Uingereza waingie bungeni. Sylvia, baada ya miaka yote ile ya kupigania kura, alikuwa amefika mahali pa kuona bunge halina maana kwa mfanyakazi. Aliporudi alifungwa miezi kadhaa kwa makala za gazeti lake zilizodaiwa kuwachochea wanajeshi. Alipotoka, chama cha kikomunisti kilimtaka awakabidhi gazeti hilo. Alikataa, wakamfukuza mwaka 1921. Kwa mara ya pili maishani alifukuzwa kwa kosa lilelile: kutokubali kunyamazishwa na wenzake.

Mama na binti

Desemba 1927, akiwa na miaka 45, Sylvia alijifungua mtoto wa kiume, Richard. Baba wa mtoto alikuwa Silvio Corio, Mwitaliano aliyekimbilia uhamishoni. Hawakufunga ndoa, kwa sababu Sylvia hakuamini kwamba mapenzi yanahitaji cheti cha serikali.

Kwa Emmeline, aliyekuwa akijiandaa kuomba kura za wananchi, habari hizo zilikuwa aibu kubwa. Hakuzungumza tena na binti yake. Alifariki tarehe 14 Juni 1928. Wiki tatu hivi baadaye sheria ilikamilika iliyompa kila mwanamke wa miaka 21 haki ya kura sawa na mwanamume, bila sharti la mali. Kile Sylvia alichokidai, na kile mama alichokianzisha sebuleni, vilikutana mama akiwa kaburini.

Mwaka 1931 Sylvia aliandika historia ndefu ya harakati zile. Kitabu hicho kilimlaumu sana Christabel, na kilizidisha umbali kati yao.

Tarehe 5 Mei

Sylvia alikuwa ameanza kuonya juu ya Mussolini na ufashisti wa Italia tangu miaka ya 1920, wakati wanasiasa wengi wa Ulaya wakimsifu. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, ikitumia ndege na gesi ya sumu dhidi ya wanajeshi na wanavijiji. Shirika la Mataifa lilishindwa kuizuia.

London kulikuwa na Waafrika waliopaza sauti kuitetea Ethiopia, akiwemo Jomo Kenyatta aliyekuwa akiishi huko. Sylvia naye aliingia kwa nguvu zote. Alianzisha gazeti la kila wiki, New Times and Ethiopia News. Toleo la kwanza lilikuwa la tarehe 5 Mei 1936, siku aliyotimiza miaka 54. Siku hiyohiyo majeshi ya Italia yaliingia Addis Ababa.

Kwa miaka 20 gazeti hilo halikukoma. Lilieleza mauaji ya Februari 1937 mjini Addis Ababa, lilieleza upinzani wa wazalendo milimani, na lilisomwa mpaka Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Jina la Sylvia liliwekwa katika orodha ya watu ambao Wanazi walipanga kuwakamata endapo wangeiteka Uingereza. Hebu fikiria: dada mmoja anasakwa na mafashisti, na mwingine, Adela, anazuiliwa na serikali yake kwa kushukiwa kuwapendelea washirika wao.

Mwaka 1941 Ethiopia ilikombolewa. Miongoni mwa waliopigana bega kwa bega na wazalendo walikuwa askari wa KAR, vijana kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Huenda babu wa baadhi yenu walikuwemo. Haile Selassie aliingia tena mji mkuu wake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili baada ya Waitaliano kuuteka. Sylvia alikuwa anatimiza miaka 59.

Lakini hakuweka kalamu chini. Uingereza ilipoelekea kuitawala Ethiopia kwa mlango wa nyuma, aliipinga serikali yake mwenyewe. Alichangisha fedha za hospitali ya kumbukumbu ya Binti Mfalme Tsehai, muuguzi aliyefariki mwaka 1942.

Hapa palikuwa na jambo gumu. Mwanamke aliyekataa wafalme wote alikuwa sasa rafiki wa mfalme. Sylvia alimweleza Haile Selassie waziwazi kwamba hamuungi mkono kwa sababu ya taji lake bali kwa sababu nchi yake imeonewa. Hata hivyo, gazeti lake lilisema machache kuhusu wakulima wa Ethiopia waliolima ardhi ya wakubwa na kutoa sehemu kubwa ya mavuno yao. Pia alitetea kwa nguvu Eritrea iunganishwe na Ethiopia, muungano ambao baadaye ulizaa vita vya miaka 30. Uaminifu kwa walioonewa ulimfanya asitazame kwa ukali uleule mapungufu ya watawala wao.

Nyumba ya mwisho

Mwaka 1953 Sylvia aliugua moyo. Christabel alipopata habari alimwandikia barua kutoka Marekani, barua ya upole, ya dada kwa dada. Baada ya takriban miaka 40 ya chuki na ukimya, wakongwe wawili walianza kuandikiana tena. Hakuna aliyemtaka mwenzake abadili imani. Christabel aliendelea kungojea ujio wa Bwana, na Sylvia aliendelea na Ethiopia yake.

Corio alifariki mwaka 1954. Mwaka 1956, akiwa na miaka 74, umri ambao wengi wetu hutafuta kivuli cha kupumzikia, Sylvia alifunga virago na mwanawe wakahamia Addis Ababa kwa mwaliko wa mfalme. Alianzisha jarida jipya, akazunguka mikoani kutazama shule, zahanati na mashamba, na kuandika mpaka siku zake za mwisho.

Alifariki tarehe 27 Septemba 1960. Alizikwa mbele ya Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, mahali palipotengwa kwa mashujaa wa vita dhidi ya Italia. Miezi mitatu haikupita kabla ya walinzi wa mfalme kujaribu kumpindua, ishara ya machungu ambayo gazeti la Sylvia halikuyaeleza. Mwanawe Richard alibaki Ethiopia, akawa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa nchi hiyo, na alikuwa mstari wa mbele kudai mnara wa Aksum uliochukuliwa na Italia. Ulirudishwa mwaka 2005.

Tunalojifunza

Kuna usemi kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Familia ya Pankhurst inaonyesha kwamba usemi huo una mpaka wake. Malezi yaliwapa mabinti wote watatu ujasiri wa kusimama mbele ya umati, lakini hayakuwaamulia wasimame upande gani.

Inaonyesha pia kwamba umri haumsukumi kila mtu upande mmoja. Adela alihama kutoka kushoto kwenda kulia. Christabel aliacha siasa kwa ajili ya dini. Sylvia alibadilisha vyama, nchi na hata marafiki, lakini swali lake lilibaki lilelile tangu Manchester: nani hapa anaonewa?

Wahenga walituonya kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa akina Pankhurst mavuno yalichelewa mno. Mama hakuyaona kabisa. Sylvia na Christabel walipata barua za miaka michache tu.

Na haki waliyoipigania wote, pale walipokuwa bado pamoja, ina faida moja ambayo wao wenyewe hawakuitumia. Kura ni ya mtu mmoja mmoja, tena ya siri. Ndugu wawili wanaweza kutoka nyumba moja asubuhi, wakapanga foleni moja, wakachagua vyama viwili tofauti, na jioni wakanawa mikono katika beseni moja na kula sahani moja.